Swali Aliloulizwa Mama Mkwe Mbele Yangu

Ijumaa, jua likielekea kushuka. Uriri.

Joto la leo ni lile linalotangulia mvua. Mawingu yamejikusanya upande wa ziwa tangu asubuhi na hayajaamua kitu. Mke wangu aliniambia nianue omena, wale dagaa wetu wa ziwani, mapema, nikaanua, kisha jua likatoka tena kana kwamba lilikuwa likinisubiri. Siku yangu yote imekuwa hivyo.

Ninyi wachache mnaosoma ukurasa huu mmezoea niandike juu ya bei ya samaki, mvua, na vituko vya watoto. Leo nitaandika juu ya mama mkwe wangu, ambaye tulimzika kwao Sindo kabla ya msimu uliopita wa kupanda. Ugonjwa wake sitautaja. Kuna pia swali moja ambalo nitalizungukia tu, sitaliandika. Aliye mtu mzima ataelewa.

Majuto yangu ya wiki hii yalianza Jumatano, Homa Bay, nikiwa nimeshika maikrofoni. Lakini nikianzia hapo hamtaelewa kwa nini niliketi bila kusema nililokwenda kusema.

Kwetu Wajaluo, mwanamume na maro wake, yaani mama wa mke wake, huheshimiana kwa umbali. Hampeani mikono. Hamli meza moja. Yeye halali chini ya paa lako, nawe huingii anakolala. Wageni huona ni kama tunaogopana. Kwa kweli ni mapenzi, ila yana uzio kati yake.

Nikienda Sindo kununua omena, nilipita kwake kila mara. Nilikula sebuleni, yeye akabaki jikoni, na maneno yake yakanifikia kupitia kwa mjukuu yeyote aliyekuwa karibu.

"Mwulizeni Baba Akinyi kama chumvi imetosha."

Nilimsikia vizuri kabisa. Pazia lilikuwa jembamba.

"Mwambieni imetosha," nami nilisema.

"Mwambieni asinidanganye, jana nilizidisha, na mchuzi ni ule ule wa jana."

Basi tulicheka, kila mtu upande wake wa pazia. Nilipotoka, nilikuta viazi vitamu vya kuchoma vimewekwa juu ya boneti ya gari, vimefunikwa kwa jani la mgomba. Hakuwahi kunikabidhi mkononi. Hakuwahi kusahau pia.

Alipoanza kuumwa, mke wangu alikuwa ametoka kujifungua kitinda mimba wetu. Omondi, kaka yake, alikuwa kazini Mbita na hakupata ruhusa. Nikabaki mimi, niliyekuwa Sindo wiki hiyo na gari la kuazima. Mama alikubali kupelekwa zahanati baada ya kusitasita sana. Aliketi kiti cha nyuma, na kabla ya kuketi alitandika leso yake juu ya kiti, akaikunja mara mbili.

Nilidhani ananiheshimu, hataki kunichafulia gari kwa vumbi la shamba.

Pale zahanati walikuwa wamepata kishikwambi kipya. Kilikuwa kinamwuliza mgonjwa maswali kabla hajamwona muuguzi, kisha kinatoa rangi. Nyekundu aingie mara moja, manjano asubiri, kijani apewe dawa ndogo aende nyumbani. Wauguzi walikuwa wachache na watu walijaa, kwa hivyo kila mtu alikifurahia. Zaidi ya yote, kilizungumza Dholuo. Mama mmoja aliyekuwa benchi letu alikisikiliza akatikisa kichwa.

"Hiki ni cha Alego, ng'ambo ya ghuba," akasema. "Sikieni kinavyovuta maneno. Wametuletea mkwe."

"Afadhali cha Alego," mwenzake akajibu. "Yule daktari wa mwaka jana tulimweleza kwa mikono kama bubu."

Tukacheka, na mama mkwe wangu naye akacheka akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Mhudumu akanipa kile kishikwambi. "Baba, msaidie mama kubonyeza, yeye ajibu tu." Mama hakujua kusoma. Lilikuwa jambo la kawaida, kila aliyeleta mzazi alifanya vile vile. Nikaketi mwisho wa benchi, nikamwachia nafasi katikati yetu kama inavyopasa, na nikakinyoosha kwake ili asikie.

Kiliuliza kama anakohoa. Hapana. Kama ana homa. Wakati mwingine. Kama tumbo linauma. Akasema linauma kidogo, sehemu ya chini. Sauti yake ilishuka.

Ndipo kikauliza swali lile. Kiliuliza kwa Dholuo safi, kwa sauti ya kusikika benchi zima, kwa maneno ambayo mwanamke humwambia binti yake au mkunga, tena mlango ukiwa umefungwa.

Nilitazama ukutani. Kulikuwa na picha ya mtoto akipewa chanjo. Mama alitazama miguu yake.

"Ooyo," akasema. Hapana.

Nikabonyeza hapana.

Rangi ikatoka kijani. Muuguzi, mwanamke mpole mwenye macho yaliyochoka, aliiangalia ile rangi, akaweka kidole chake kuthibitisha, akampa mama dawa za maumivu. Simlaumu. Nyuma yetu kulikuwa na watoto wanalia.

Tulirudi tena baadaye, maumivu yalipozidi. Safari hii kile kishikwambi kilimkumbuka. Hakikurudia maswali yote, kiliuliza tu kama kuna lililobadilika katika majibu yake ya awali. Nilikuwa pale pale mwisho wa benchi. Angesema nini? Kusema limebadilika ni kukubali kwamba lipo. Akasema halijabadilika.

Kijani tena.

Siku tulipomfikisha hospitali kubwa, daktari alimwambia mke wangu kwamba tumechelewa, na kwamba dalili ile ilikuwapo kwa muda mrefu sana. Akafungua rekodi za zahanati. "Mama yako aliulizwa," daktari akasema. "Aliulizwa mara mbili, na mara mbili akakana."

Mke wangu namwita Nyar Sindo, binti wa Sindo, kama tunavyowaita wake zetu kwa kwao. Tangu siku ile Nyar Sindo alimkasirikia mama yake. Alimwuguza vizuri, sitasema vinginevyo. Mama alikataa kulala kwetu hata alipokuwa hajiwezi, kwa sababu ya paa langu, kwa hivyo tulimpangia chumba karibu na soko la Uriri na mke wangu akalala huko naye hadi mwisho. Lakini baada ya mazishi hasira ilibaki. Akitajwa mama, yeye anasema, "Alijificha. Waliuliza, akajificha. Aliona nani atamcheka?" Akinyi, binti yetu mkubwa, aliwahi kuniuliza kwa nini mama hapendi tena kuzungumza juu ya dani, nyanya yake.

Mimi nilijua kwa nini alikana. Nilijua nani alikuwa ameketi mwisho wa benchi.

Sikusema. Kwa sababu kusema kungekuwa kulitaja swali, na kulitaja swali ni kuzungumzia mwili wa maro wangu. Nilijiambia namhifadhi. Labda nilikuwa namhifadhi. Sijui tena.

Sasa Jumatano.

Redio ilitangaza kwamba serikali inakusanya maoni ya wananchi wa Homa Bay na Migori juu ya rasimu ya sheria ya akili unde, yaani akili ya mashine, hasa ile mifumo wanayoiita ya hatari kubwa. Nilisikia neno "afya" nikaongeza sauti. Sikumwambia Nyar Sindo naenda huko. Nilimwambia naenda kutazama bei ya omena Homa Bay, jambo ambalo pia nililifanya, bei ni mbaya.

Ukumbi ulikuwa umejaa nusu. Afisa aliyetoka Nairobi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye subira, aliyeeleza vizuri hadi mimi wa kidato cha nne nikaelewa. Si kila mashine itabanwa sawa, alisema. Inayokuchagulia wimbo haina neno. Lakini inayoamua nani atibiwe kwanza, nani apewe kazi, nani ashukiwe uhalifu, hiyo ni ya hatari kubwa. Hiyo itapimwa kabla ya kuletwa kwa watu, itakuwa na binadamu wa kuisimamia, itatunza kumbukumbu, na mtu akidhulumiwa atakuwa na haki ya kutaka uamuzi uangaliwe upya.

Watu waliuliza maswali yao. Mwendesha bodaboda mmoja alitaka kujua kama sheria itashughulikia kamera za barabarani. Mzee mwenye kofia ya manyoya aliuliza kama mashine ikikosea itafungwa jela ipi, Kodiaga au nyingine, na kama italishwa. Ukumbi ukacheka, afisa naye akacheka, akasema atakayefungwa ni mwenye mashine.

"Huyo hatafungwa," mzee akasema akiketi. "Huyo ana wakili."

Nilipoinua mkono ndipo nilipomwona Omondi. Alikuwa safu ya mbele kidogo, na shati la kazini. Aligeuka akaniona.

"Ora," akaniita kwa sauti ya chini, yaani shemeji, meno yote nje. "Omena imekushinda sasa umekuja kutunga sheria?"

"Nimekuja kusikiliza tu," nikamwambia. Mkono wangu bado ulikuwa juu.

Maikrofoni ikaletwa. Nikasimama. Nilisema jina langu na kwetu. Nilisema kuna mgonjwa wa familia aliyeulizwa na mashine zahanati, ikakosea, akachelewa. Nilisema naomba kuwe na mtu.

"Pole sana, baba," afisa akasema, na nadhani alimaanisha. "Hilo limo ndani ya rasimu. Lazima kuwe na mtu anayesimamia. Kwani hapo hapakuwa na muuguzi?"

"Alikuwepo."

"Aliangalia majibu?"

"Aliangalia."

"Akathibitisha?"

"Alithibitisha."

Akafikiri kidogo. "Basi mashine ilikosea wapi? Ilikosa kuuliza jambo muhimu?"

"Iliuliza."

"Kwa lugha asiyoijua?"

"Aliijua. Ilikuwa Dholuo."

Watu walitaka kunisaidia, niliwaona. Afisa akashika kalamu. "Tupe mfano kamili, tafadhali. Mwambie mwandishi wetu hapa aliulizwa nini, na akajibu nini, na kwa nini. Mambo kama haya ndiyo tunayotafuta. Sisi kule ofisini hatuwezi kuyafikiria."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema: kila kitu mlichoandika kilikuwepo. Binadamu alikuwepo, lugha ilikuwepo, kumbukumbu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kutazama nani ameketi kando ya mgonjwa. Andikeni kwamba maswali ya namna hiyo yaulizwe faraghani, na kama mgonjwa hajui kusoma, ashikiwe mashine na mhudumu wa kike asiye jamaa yake. Andikeni kwamba jibu lililotolewa mbele ya mkwe lisihesabiwe kuwa jibu. Andikeni kwamba mashine isijenge juu ya jibu la kwanza kana kwamba ni mwamba.

Maneno yote yalikuwepo. Nimeyaandika hapa bila shida, mnaona.

Lakini wangeuliza swali lenyewe lilikuwa lipi. Omondi alikuwa amegeuka mzima kwenye kiti chake, ananitazama, na ule utani ulikuwa umemtoka usoni. Alikuwa ameanza kuelewa ni mgonjwa yupi. Mimi, mkwe, nimesimama mbele ya umati, na maikrofoni, kuutaja mwili wa mama yake.

"Ni hayo tu," nikasema. "Asanteni."

Nikaketi. Mwandishi aliandika mstari mmoja mfupi. Afisa alisema maoni bado yanapokelewa hadi Ijumaa, kwa maandishi au kwa sauti iliyorekodiwa kwa simu, kwa lugha yoyote. Kisha akamwita mwingine, aliyelalamika juu ya mtandao.

Nje, Omondi alinisubiri karibu na lango. Hakunitania tena.

"Ulitaka kusema juu ya Mama."

"Ndio."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwepo."

Alitikisa kichwa polepole, akanishika bega, jambo ambalo si kawaida yake. "Ungesema lolote, ora, sijui ningefanya nini," akasema. "Pengine ningetoka. Pengine ningekupiga." Kisha akaongeza, "Lakini mwambie dada yangu. Huyo si mkwe."

Nikarudi Uriri nikiwa na aibu mbili. Moja ya kutaka kusema, nyingine ya kutosema. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Nimejaribu kuzilinganisha kwa siku hizi, na kila mara inakuwa ile ile.

Alhamisi sikumwambia. Nilitengeneza mlango wa banda la kuku ambao haukuwa umeharibika sana.

Leo mchana, Nyar Sindo alikuwa ameketi akichambua omena, anatoa vijiti na magugu ya ziwa. Nikaketi nikamsaidia. Aliniuliza bei ya Homa Bay tena, nikamwambia. Halafu akasema, bila sababu, labda ni ile harufu ya samaki, "Mama angeichambua hii yote kabla sijamaliza ungo mmoja. Mtu mwenye akili hivyo, anaulizwa jambo la uhai wake, anasema hapana."

Nikamwambia, "Aliulizwa mbele yangu."

Mikono yake iliendelea kidogo, kisha ikasimama.

"Nani alikuwa ameshika hiyo mashine?"

"Mimi."

"Na ilikuwa inasema kwa sauti?"

"Kwa sauti. Kwa Dholuo."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Alinitazama. Nilingoja hasira ihame kutoka kwa mama ije kwangu, na nilikuwa tayari kuipokea. Ingekuwa haki. Lakini alifunika uso kwa mikono yake yenye magamba ya samaki na akalia kama hakulia hata siku ya mazishi, na alichokuwa akisema ndani ya mikono ni, "Mama, nisamehe. Mama, nisamehe." Si mimi aliyekuwa akisema naye.

Sikujua niweke wapi macho yangu. Nikaokota kijiti kimoja kwenye ungo, nikakishika tu.

Alipotulia aliinuka. Alinawa. Alimnyonyesha mtoto akamlaza. Kisha akaja akaniuliza niliona nini Homa Bay, kwa kuwa watu hawaendi kutazama bei ya omena wakiwa wamevaa viatu vya kanisani. Nikamweleza yote, pamoja na Omondi. Nikamwambia kuhusu mstari mmoja mfupi wa mwandishi. Nikamwambia leo ndiyo siku ya mwisho.

"Hukuweza," akasema. Hakuwa ananiuliza wala kunilaumu.

"Sikuweza."

"Mimi ni binti yake. Mimi naweza."

Akaniomba simu. Akauliza Sabato ya kanisa letu inaingia saa ngapi jioni hii, ingawa anajua kuliko mimi, akatazama dirishani, akasema wakati upo. Alitaka kurekodi kwa Dholuo, kwa maneno ya mama mwenyewe, aliyomwambia kule chumbani sokoni walipokuwa wawili tu. Aliniambia naweza kuandika kwenye ukurasa huu nikitaka, mradi swali lenyewe nisiliandike. Nilimwambia sitaliandika. Simu yangu anayo yeye, kwa hivyo nimeazima ya Akinyi.

Sijui kama watamsikiliza. Pengine sauti yake itaingia katika rundo la sauti nyingine na mtu kule ofisini ataisikiliza nusu, na Dholuo haijui. Pengine sheria itapita kama ilivyo, na binadamu wake msimamizi, na kidole chake cha kuthibitisha. Hata ikibadilishwa, haimfikii Mama. Ni ya maro wa mtu mwingine, benchi jingine. Najuta kwamba sheria inakuja nyuma ya jeneza. Najuta zaidi kwamba hata zamu yangu ya kumsemea ilipofika, nilikuwa na la kusema nikasema ni hayo tu.

Nilikuwa nimeketi kitandani nikimtazama akiipangusa simu kwa kanga yake, akikohoa kulainisha koo. Alikuwa karibu kuanza. Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa, kama vile mtu yeyote alivyopaswa kuniambia mapema zaidi.

"Baba Akinyi, tafadhali toka nje kwanza."

Nikatoka. Nikavuta mlango. Bado nilisikia sauti yake ikianza, kwa hivyo nikasogea hadi kwenye ua wa mbali, karibu na mihogo, mahali ambapo haisikiki. Ndipo ninapoandikia haya. Mawingu bado hayajaamua.

Akimaliza ataniita. Hata mvua ikija kabla, siendi popote.